Mapigo ya Bibi Kwenye Piano

Fundi wa mageti alifika chuoni kumtoa binti yake kwenye masomo ya muziki.

"Chiriku anaimba bila digrii," alimwambia. "Funga mizigo."

"Sikiliza kwanza, baba." Binti aliketi kwenye piano. Mkono wa kulia ulipiga muziki wa Kizungu, laini kama maji. Wa kushoto ukaingia na mapigo ya ngoma, na fundi akasisimka mwili mzima. Yalikuwa mapigo ya marehemu mama yake.

"Umeyatoa wapi? Bibi yako alikufa hujazaliwa."

"Kwako. Huwa unayagonga kwa nyundo ukiwa kazini. Hapa nimefundishwa kuyaandika."

Fundi aliitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Rudia," alisema kwa sauti ndogo, "halafu nitaondoka peke yangu."