Ng'ombe Wasiohesabiwa

Lemburis aliletwa asubuhi katika hospitali ndogo ya Kisongo, macho yakiwa ya njano na fizi zikivuja damu. Homa ilikuwa ya siku ya tano. Kipimo cha malaria kilikuwa kimetoka safi mara mbili, na bado kwenye duka moja la dawa alidungwa sindano ya kutuliza maumivu, ya aina inayozidisha kuvuja damu. Daktari Hetal aliisoma karatasi yake mpaka mwisho, akasema neno moja tu: "Isirudiwe."

Lemburis aliwekwa chumba cha peke yake. Kila aliyemgusa alivaa gauni, barakoa, kinga ya macho na glovu mbili mbili. Mama yake, Nkasiogi, alizuiwa mlangoni na kibuyu chake cha maziwa.

"Mwanangu niliyemzaa," alisema, "leo nimtazame dirishani kama mtalii anayetazama simba?"

"Mpaka nijue ni homa gani, mama. Zipo homa za kuvuja damu zinazomrukia anayeuguza. Ipo nyingine inayotoka kwa mifugo. Ikiwa ni hiyo, utakaa naye."

Damu ilitakiwa kwenda maabara ya taifa pamoja na fomu. Fomu iliuliza ni mifugo wangapi wamekufa au kutupa mimba, na jibu ndilo lingeiambia maabara ianze kutafuta nini.

"Wangapi wametupa mimba?" Hetal aliuliza.

Nkasiogi alikunja uso. "Mifugo ni wazima."

"Hata mmoja?"

"Nimesema ni wazima."

Hetal aliandika sufuri. Muuguzi Elirehema, Mmeru aliyefanya kazi miaka kumi na mmoja kati ya Waarusha, akamvuta pembeni.

"Daktari, umemwambia ahesabu ng'ombe. Kwao ukiwataja kwa idadi umewaitia mkosi. Bora akudanganye."

"Basi wao wanajuaje kama mmoja hayupo?"

"Kwa rangi. Jioni wakiingia zizini, wanaona ni nani hajarudi."

Hetal hakuamini mikosi. Lakini jibu alilokuwa nalo lilikuwa la uongo, na kosa lilikuwa la swali. Akafuta ile sufuri, akarudi mlangoni.

"Yeyo," alimwita kwa neno la kwao la mama, "mweusi mwenye paji jeupe hajambo?"

Nkasiogi akamkazia macho, kisha akaangua kicheko. "Umemtoa wapi huyo? Sina mweusi mwenye paji jeupe!"

"Nimebahatisha. Unao akina nani?"

"Yupo wa kijivu. Huyo alitupa, baada ya zile mvua kubwa. Akafuata mwekundu mwenye tumbo jeupe. Halafu yule wa pembe moja..." Aliendelea taratibu, kama anayetaja majirani waliofiwa. Elirehema, mikono nyuma ya mgongo, alikunja kidole kwa kila jina. Vidole tisa.

"Na ndama wakikwama tumboni, nani anawavuta?"

"Nani tena? Lemburis. Mkono mpaka hapa." Alionyesha juu ya kiwiko.

Hetal aliandika tisa, akaigeuza karatasi kifudifudi kabla mama hajaiona. Damu ikaondoka ikiwa imefungwa mara tatu. Kisha akampigia simu daktari wa mifugo wa wilaya.

Hakuna dawa iliyothibitishwa kuiua homa hiyo ya mifugo. Kazi ni kumshikilia mtu mpaka mwili wake uishinde. Kwa siku mbili Lemburis aliongezewa damu chupa nne, na maji ya mishipani yalipimwa sambamba na mkojo wake, saa kwa saa. Siku ya tatu maabara ilipiga simu: homa ya Bonde la Ufa.

Nkasiogi akavishwa gauni, barakoa na glovu. "Nimekuwa bi harusi," alisema, akaingia.

Lemburis alifungua jicho moja. "Yeyo, nani anakamua?"

"Nyamaza, unywe."

"Maziwa yamechemshwa?" Hetal aliuliza.

"Kachemsha Elirehema. Ameyaharibia utamu wote."

Siku ya saba fizi zilikauka. Siku ya kumi na mbili Lemburis alitembea mwenyewe mpaka getini, akarudi akilalamika kuhusu chakula, na Hetal akaandika ruhusa.

Nkasiogi alikuwa akifunga mzigo. "Daktari, una wagonjwa wangapi humu ndani?"

Hetal aliiacha idadi, akatazama vitanda kimoja kimoja.

"Yupo mrefu wa Sakina mwenye mguu kwenye plasta," alisema. "Yupo bibi wa Kimandolu anayekoroma. Yupo mwalimu mwenye kipara."

Nkasiogi aliitikia kwa kichwa, ameridhika. "Na wangu, yule wa macho ya njano?"

"Huyo," alisema Hetal, "leo anarudi zizini."