Usiguse Gari

Shemeji yake Dereva alipopata kazi ya kukata matawi, mtaa mzima ulicheka. Mwanamume asiyewahi kudumu kwenye kazi yoyote, mwenye maneno kuliko redio, leo apandishwe juu ya mti na msumeno? Walimwita Kidomo, na jina lenyewe alilipenda. Aliyemwombea kazi ni mkewe. Alimwendea mdogo wake, dereva wa gari la kukatia miti la halmashauri, akamwambia bila kuzunguka mbuyu:

"Mdogo wangu, mtafutie shemeji yako kazi. Akishinda nyumbani ananibishia mimi, akimaliza anabishana na sufuria."

Dereva hakuwa na mdomo wa kumkatalia. Mama yao alipofariki, dada huyu ndiye aliyeacha shule ili yeye asome, akampikia, akamfulia, akamchapa alipostahili. Basi akamwendea msimamizi, akamsifia shemeji yake sifa nyingine hata hazikuwapo, na Kidomo akapewa helmeti na mkanda.

Gari lenyewe lilikuwa la siku nyingi. Mgongoni lilibeba mkono mrefu wa chuma unaojikunja kama kiwiko, na kwenye ncha ya mkono ule kikapu cha kusimama mtu mmoja. Vishikio vya kuuongoza vilikuwa sehemu mbili: ndani ya kikapu, kwa aliye juu, na ubavuni mwa gari, kwa aliye chini, ili wa juu akipatwa na jambo mwenzake amshushe. Nyuma gari lilikokota mashine ya kusaga matawi, lidude la kelele lenye meno yanayozunguka. Aliyelilisha matawi walimwita Jino, kijana wa miraba minne aliyekwisha kuoa na kupata mtoto wa kwanza.

Kinyume cha walivyotaraji, Kidomo aliijua kazi upesi. Juu kule alitulia. Maneno hayakumwisha, ila sasa aliuambia mti. "Samahani bibi, tunakupunguza nywele kidogo tu," alisema kabla ya kuwasha msumeno, na waliokuwa chini wakavunjika mbavu. Jioni alirudi kwake na vumbi la mbao masikioni, akala, akalala. Dada akamwambia mdogo wake: "Mungu akuzidishie. Sasa nina mume."

Siku ya ajali walipelekwa barabara yenye zahanati upande mmoja na ofisi upande wa pili. Mti mkubwa ulikuwa umetanda juu ya ukuta wa zahanati, matawi yamelalia nyaya za umeme. Nyaya nyingine zilipita ng'ambo, upande wa ofisi. Msimamizi alipiga simu shirika la umeme, akasikiliza, akainua dole gumba.

"Wamekata. Mpandishe."

Hakuna aliyeuliza wamekata upande gani. Si msimamizi, si Dereva, si Kidomo mwenyewe, ambaye kwa kawaida aliuliza hata yasiyoulizika.

Dereva aliegesha, akashuka garini, akashika kamba ya kuvutia matawi na kusimama kando, karibu na lango. Kidomo alipanda, akakata matawi madogo kwanza, kisha akaligeukia tawi kubwa. Msumeno ulilia, tawi likalia, na badala ya kuja upande wa kamba likajizungusha, likauangukia mkono wa gari pale kwenye kiwiko. Mkono uliyumba, ukalala juu ya nyaya za upande wa ofisi.

Ulisikika mlio kama wa nyuki elfu waliochokozwa. Chini ya matairi lami ikaanza kufuka moshi.

Dereva alielewa mara moja. Kikapu kilitengenezwa kwa kitu kisichopitisha umeme. Aliyemo angekuwa salama mradi asiguse chochote nje yake. Lakini gari zima chini yake lilikuwa limegeuka kifo. Atakayesimama ardhini na kuligusa, hata kwa ncha ya kidole, hatapata wasaa wa kujuta.

"Usiguse gari!" alipiga kelele. "Mtu yeyote asiguse gari!"

"Shem!" Kidomo aliita kutoka juu. "Vishikio vya huku vimekufa. Nishushe!"

Vishikio vya chini vilikuwa pale pale, ubavuni mwa gari, vimeng'aa kwa kushikwa kila siku. Dereva aliviona. Hakusogea.

Aliyesogea ni Jino. Aliiacha mashine yake, waliyokuwa wameifungua kutoka garini, ikinguruma, akakimbia kuelekea gari mkono umenyooshwa. Dereva alimrukia kiunoni, wakaanguka pamoja, akamlalia kwa uzito wake wote. Jino alimpiga ngumi, akamtukana, akamwambia maneno ambayo watu hawasameheani.

"Niache! Mtu anakufa pale! Shemeji yako yule!"

"Ukigusa mnakufa wawili!"

"Niache, mchawi wewe!"

Watu walikuwa wamejaa. Wauguzi walitoka zahanati, makarani wakatoka ofisini, na wote waliona jambo moja: mtu yuko juu anaomba ashushwe, na mtu yuko chini amemkandamiza anayetaka kumshusha. Msimamizi alikuwa akizunguka na simu sikioni, akitaja jina la barabara, akilirudia, akiambiwa asubiri.

Tairi la nyuma lilishika moto, kisha la pili. Moshi mweusi, mzito, ukaanza kuufuata mkono wa gari kwenda juu.

"Shem, niruke?"

Dereva aliinua macho. Kikapu kilikuwa juu sawa na dirisha la ghorofa ya tatu. Chini yake kulikuwa na ukingo wa zege, na baada ya ukingo uzio wa zahanati, wenye ncha za chuma. Alitazama uzio, akatazama matairi, akamtazama msimamizi aliyemfanyia ishara kwamba bado kidogo tu.

"Usiruke!" akasema. "Kaa hapo hapo, usishike kitu! Wanakata sasa hivi!"

"Sawa, shem."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho yaliyosikika. Baada ya hapo alikohoa, akakohoa sana, halafu moshi ukakifunika kikapu.

Mlio wa nyuki ulipokoma, Dereva hakungoja kuambiwa. Alimwachia Jino, akakimbia, akashika vishikio kwa mikono mitupu. Chuma kilikuwa cha moto, na ngozi ya viganja ikabaki pale. Mkono wa gari ulishuka kidogo, ukatikisika, ukagoma: mipira ya mafuta yanayousukuma ilikuwa imekwisha kuungua. Aliendelea kuvuta mpaka watu wa zimamoto wakamwondoa kwa nguvu, wakaweka ngazi yao. Walimkuta Kidomo ameketi sakafuni mwa kikapu, magoti kifuani, kama mgonjwa anayengoja kuitwa ndani. Hakuwa ameungua popote. Moshi ndio uliommaliza.

Dereva alipomaliza kufungwa bandeji alikwenda moja kwa moja kwa dada yake. Njiani alipanga maneno, akayapangua. Hakuyahitaji. Habari mbaya haina breki, na mdomo wa Jino ulikuwa umeshafika. Uani kulikuwa na wanawake wa jirani wamemzunguka dada. Walipomwona Dereva walimpisha njia kama anavyopishwa mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza.

Dada hakuwa akilia. Alimtazama bandeji, akamtazama uso.

"Alikuomba umshushe?"

"Aliniomba, dada."

"Na yule kijana alitaka kumshusha, ukamshika?"

"Nilimshika. Gari lilikuwa na umeme, dada, lau angeligusa…"

"Sikukuuliza gari lilikuwa na nini. Nimekuuliza ulimshika au hukumshika."

"Nilimshika."

"Basi toka kwangu."

Mjomba wao alijaribu kusema neno. Dada akamnyooshea kidole bila kugeuka, na mjomba akalimeza. Dereva alitoka. Siku ya kuzika alisimama nyuma kabisa, na kwa jinsi mikono yake ilivyokuwa hakuweza kushika koleo, hata udongo hakutia. Wapo walionong'ona kwamba bandeji zile ni maonyesho. "Anaokoa mtu akishakufa," alisema mmoja, na wengine wakaguna.

Miezi ikapita, likaundwa baraza la uchunguzi. Walikaa katika ukumbi wa halmashauri wenye feni isiyozunguka, na ndugu wa marehemu wakaruhusiwa kusikiliza. Dada alikuja, akaketi safu ya mbele, mkoba mapajani. Ilibainika kwamba shirika la umeme lilikata nyaya za upande wa zahanati tu, kwa sababu ndizo zilizotajwa. Msimamizi alisema alidhani wataelewa. Mtu wa shirika alisema walidhani ameelewa. Kila mmoja alimrushia mwenzake mpira, na maiti akabaki katikati hana mwenyewe.

Kisha akaitwa Jino. Alisimama akiisokota kofia yake mikononi. Alikuwa amekonda.

"Nilisema maneno mtaani," alianza. "Nilisema ningemwokoa. Nilikuwa na hasira, na watu walipenda kusikia, nikaendelea kusema. Halafu wakanieleza ule umeme ulivyokuwa." Akamwelekezea Dereva kofia. "Huyu bwana asingeniangusha, mwanangu asingekuwa na baba. Mngezika wawili."

Wazee wa baraza waliandika. Mwishowe ikasomwa kwamba Dereva alifuata taratibu zote na kwamba anastahili pongezi. Watu wawili watatu wakapiga makofi, wakaona aibu, wakaacha. Msimamizi alihamishiwa kitengo kingine. Hakuna aliyefungwa.

Nje, kwenye ngazi za ukumbi, dada alikuwa akimngoja. Ilikuwa mara yao ya kwanza kusimama pamoja tangu siku ile uani.

"Nimesikia yote," alisema. "Kumshika yule kijana nimekuelewa. Ulifanya sawa. Nilikukosea mbele za watu, na mbele za watu nitasema."

"Dada, si lazima…"

"Sijamaliza. Wameniambia alikuuliza kama aruke."

"Aliniuliza."

"Ukamwambia akae."

"Nilimwambia akae."

"Angeruka, angekufa?"

Swali hilo Dereva alikuwa amelala nalo na kuamka nalo. Baraza halikumuuliza. Angeweza kusema ndiyo, na dada angeondoka mwepesi, na labda hata yeye angekuja kuamini.

"Sijui, dada. Palikuwa na uzio. Labda angekufa. Labda angevunjika miguu tu. Niliamini umeme utakatwa mapema."

Dada aliushika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Miaka yote ya ndoa," alisema, "sikuwahi kumwambia mwanamume yule kitu akakubali bila kunibishia. Nikisema keti, anasimama. Nikisema mvua inakuja, anaanika nguo. Siku moja tu ya maisha yake anamtii mtu." Akajikaza. "Ungemwacha akubishie hata wewe."

Alifunga mkanda wa mkoba akashuka ngazi. Chini aligeuka.

"Sina kinyongo na wewe. Watoto waje kwako, ni mjomba wao, sitawazuia. Mimi usiningoje."

Neno lake alilitimiza. Alimwendea jirani mmoja mmoja, akamwambia kwamba mdogo wake hakuwa na kosa, na mwanamke aliyenong'ona habari za bandeji alimwendea mlangoni kumwambia afunge mdomo. Watoto walikuja kwa mjomba wao siku za mapumziko, wakala, wakacheza, wakarudi kwao. Dada mwenyewe hakuja.

Halmashauri ilinunua gari jipya, ikaajiri watu wapya, na wakubwa wakaona hakuna anayefaa kuwafundisha usalama kuliko Dereva. Walimpa chumba chenye viti vya plastiki na ubao. Aliwaeleza vizuri: usiguse gari, mzuie mwenzako, aliye kikapuni akae atulie. Mwanafunzi mmoja, binti mwenye kovu la moto shingoni, aliinua mkono.

"Na gari likiwaka moto na mtu yuko juu, mwalimu? Akae au aruke?"

Dereva aliutazama ubao. Akashika chaki, akaiweka chini.

"Sijui," alisema.

Wanafunzi walitazamana. Mkubwa aliyekuwa amesimama mlangoni alikohoa, akasema hilo litajibiwa baadaye, tuendelee. Dereva hakuendelea. Aliomba radhi, akatoka, na kesho yake akaomba apangiwe kazi ya kulisha mashine ya kusaga matawi. Walimshangaa, mtu na cheo chake. Lakini walimpa, akafanya kazi bega kwa bega na Jino, wawili hao wakirusha matawi kwenye meno yale ya kelele. Kuzungumza hawakuweza hata wangetaka. Juu yao binti mwenye kovu alisimama kikapuni, msumeno mkononi, na kila alipopandishwa Dereva alizitazama nyaya za pande zote mbili, akaenda mwenyewe kwa msimamizi mpya kumuuliza zimekatwa zipi, akarudi kuuliza tena.