Damu Iliwahi Kusema

Hadija alilima kabichi na karoti Magamba, na tenga lililojaa alijitwika mwenyewe. Mwaka ule simu za mkononi zilipoanza kufika hadi mashambani, mikono yake ikamgomea. Alishindwa kujitwika, kisha akashindwa hata kujifunga mtandio. Mumewe, Salimu, akamteremsha hospitali, Lushoto mjini.

Daktari Jenoveva, binti aliyehamia wilayani karibuni, alimweleza kwamba kinga ya mwili wake imemgeuka, inashambulia misuli yake yenyewe. Akamtoa damu na kuituma Dar es Salaam, kwa kipimo ambacho Lushoto hakikuwapo.

Hadija alikuwa akimenya viazi simu ilipolia.

"Shikamoo, mama Nasra! Majibu yametoka!" Daktari alikuwa akihema kama aliyekimbia. "Kuna alama tumeiona kwenye damu yako. Wengi wenye alama hiyo mapafu yao huingia makovu. Nataka ukapigwe picha Moshi, kesho."

"Marahaba, mwanangu. Lakini mimi sikohoi. Hata kifua hakinibani."

"Ndiyo maana nafurahi, mama! Tumeuwahi ugonjwa. Nikisubiri ukohoe, nitakuwa nimechelewa."

Furaha gani hii, kumwambia mtu mzima kwamba ataumwa na mapafu pia? Hadija alitaka kukasirika, akajikuta anacheka. Salimu alikuwa ameshatoa viatu vya safari.

Kule Moshi walimlaza kwenye mashine, wakamwambia avute pumzi, aibane. Picha ikaonyesha ukungu mwembamba chini ya mapafu yote mawili. Ugonjwa ulikuwa ndiyo kwanza unabisha hodi. Hadija alipompigia Jenoveva, daktari alipiga kelele za furaha mpaka ikabidi simu iondolewe sikioni.

Dawa hazikuwa na huruma. Uso ulimvimba, usingizi ukampotea, na majirani wakamsifu kwamba amenenepa. Hakuziacha.

Masika yalipokatika, Jenoveva alimpa mrija wa kupimia pumzi. Hadija akapuliza mpaka macho yakamtoka. Daktari akatazama mashine, akatazama tena, akamkumbatia mbele ya wagonjwa wote.

"Haijapungua hata kidogo, mama! Nguvu ya mapafu iko pale pale!"

Jioni ile Hadija alimketisha bintiye Nasra mkekani na kuanza kumsuka. Mikono ilichoka, akapumzika, akaendelea. Mistari ilipinda huku na huku.

"Nifumue?" aliuliza.

Nasra akafunika kichwa kwa viganja vyote viwili. "Thubutu! Kesho naenda nazo sokoni hivi hivi."