Mwanafunzi wa Jumanne

Pikipiki ikizima injini karibu na dirisha la darasa la sita, Ella huwa ameshafika nje kabla mwalimu hajageuka kutoka ubaoni. Haamui yeye. Huamua miguu, naye huifuata. Na Gungu ilivyojaa bodaboda, haipiti saa moja bila moja kusimama kushusha mtu. Basi mtoto yuko nje, amejibana ukutani.

"Abiria kashapanda!" Oswald wa dawati la nyuma hupaza sauti, darasa likaangua kicheko.

Mwalimu mkuu alichoka. Akasema neno moja tu: Ella akitoka tena bila ruhusa, asirudi bila mzazi na cheti cha kuzaliwa.

Hapo ndipo palipokuwa na moto. Cheti hakikuwepo. Ella alikuwa Mrundi, aliyeshuka gatini mwaka uliopita, siku zile uwanja wa mpira ulipojaa wakimbizi na mikeka. Wenzake walipelekwa kambini. Yeye alichomolewa na shangazi yake Rozalia, aliyeolewa Gungu miaka mingi, akaandikishwa shule kama mtoto wa mvuvi wa Ilagala. Ikijulikana, atapakiwa naye kwenda kambini, peke yake.

"Ntuvuge," shangazi alimwambia kila asubuhi akimfunga vifungo vya shati. "Usiseme. Hata wakikuchekea, usiseme."

Mwalimu Honorata alimchekea. Ndiye mwalimu wa ushauri nasaha, na Ella alitumwa kwake kila Jumanne; ofisi yake ilikuwa stoo ya majembe. Jumanne ya kwanza alimpa maji, akamwacha achague pa kukaa, kisha akauliza, "Siku hizi unalala?"

Ella akasimama wima.

"Naitwa Ella. Nimezaliwa Ilagala. Baba yangu ni mvuvi. Mama yangu alifariki kwa malaria."

"Nimeuliza usingizi tu, mama."

"Nimezaliwa Ilagala," Ella akarudia, haraka zaidi.

Honorata hakubishana. Alifungua kaunta buku, akaandika mistari miwili. Ella akaikodolea macho kalamu. Uwanjani walikuwepo watu wapole vilevile, wanauliza, wanaandika. Na kila aliyeandikwa, kesho yake alipandishwa basi la kambini.

Jumanne ya pili aliandikwa tena. Jumanne ya tatu mwalimu aliitwa nje, akaacha kabati wazi. Ella hakufikiri. Alilisukumia kaunta buku ndani ya shati, akaruka ua, akashika njia ya Katonga. Alikimbia, akatembea, akakimbia tena. Akilini alikuwa na jambo moja tu: ziwa. Karatasi ikilowa hakuna atakayeisoma.

Lakini ufuo wa Katonga ulijaa watu na mitumbwi, na wanawake waliokuwa wakigeuza dagaa mchangani. Akaenda huku, akarudi kule, hakupata mahali pasipo na macho.

"We binti!" mama mmoja alimwita kutoka kwenye karai la mafuta. Wenzake walimwita Melania. "Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Hilo daftari limeandikwa?"

"Limeandikwa."

"Basi kazi yake imeisha. Nipe nifungie samaki, nikupe mgebuka wa moto."

Ella aliona hakuna njia bora kuliko hiyo. Kipande kitaenda Ujiji, kipande Mwanga, mafuta yatakula wino. Akaomba kwanza achane ukurasa wake, akafungua akitafuta jina. Hakuliona. Akasoma:

*Mwanafunzi wa Jumanne. Apewe maji kwanza. Asikalishwe mbali na mlango. Asiulizwe kwao ni wapi.*

Akafunua ukurasa mwingine.

*Mwanafunzi wa Ijumaa. Anakaa dawati la nyuma. Akichekesha darasa sana, ujue jana baba yake alimpiga.*

Alifunga daftari kama aliyeungua.

"Lete basi, mafuta yanapoa," Melania akasema.

"Oya." Hapana ya kikwao ilimtoka yenyewe.

"Oya nini? Mgebuka huutaki?"

"Si langu, mama. Lina watu humu."

"Watu!" Melania akacheka, akawageukia wenzake. "Mtoto kaficha watu kwenye daftari!"

Ella alikuwa ameshaondoka.

Alipofika shuleni, wanafunzi walishatawanyika. Honorata alikuwa amepiga magoti stooni, majembe yote yametolewa nje. Alilipokea kaunta buku kwa mikono miwili, akalihesabu kurasa zote.

"Unajua ulichokuwa umebeba?" Sauti yake ilikuwa kali. "Umesoma?"

"Kurasa mbili."

"Ya pili sahau. Ukiicheka, ukiitaja, mimi na wewe basi." Akashusha pumzi. "Kabati niliacha wazi mimi. Na saa uliyotoka ilikuwa saa yangu, kwa mwalimu mkuu nitajibu mimi. Cheti hatakuuliza."

"Na basi litakuja lini?"

"Basi gani?"

Ella akajiziba mdomo. Neno lilikuwa limeshatoka. Alitazama mlango, ulikuwa wazi, na Honorata hakusogea kuufunga. Kalamu alikuwa ameitia mfukoni.

"Nani mwingine atajua?" Ella akauliza.

"Utakayemtaja wewe."

Ella hakukaa. Alianza kutembea, ukuta hadi ukuta, hatua nne kwenda, nne kurudi.

"Nimezaliwa Ila…" Akaacha. Akavuka chumba, akarudi. "Zilikuwa mbili. Pikipiki. Zilizima injini nje kwetu. Baba akaniambia nipite mlango wa jikoni, yeye anakuja."

"Ukapita?"

"Nikapita." Miguu ilikuwa inamwenda kasi, na sauti ilikuwa inaikimbiza miguu. "Sikugeuka, mwalimu. Aliniita, au hakuniita, sijui. Nilikuwa nakimbia."

"Kimbia basi," Honorata akasema taratibu, akasogeza kiti ukutani kumpisha. "Nipo. Endelea."