Kilomita Zilizorudi Uani

Jumamosi saa tatu asubuhi Mekbib aliliosha gari lake kwa ndoo tatu za maji, akalikausha kwa shati kuukuu, akalipiga picha nane: mbele, nyuma, ubavu huu na ubavu ule, viti, injini, tairi la akiba, na mita iliyoonyesha kilomita laki tatu na elfu kumi na moja. Lilikuwa gari dogo la rangi ya maziwa, na alikuwa amekaa nalo miaka ishirini na miwili hapa Bishoftu. Sasa macho yake yalikuwa yameanza kuona taa mbili palipo na moja, na daktari alimwambia usukani basi. Akaziweka picha mtandaoni, kwenye kundi la wauza magari, akakaa barazani kusubiri.

Watu arobaini na mmoja waliuliza bei ya mwisho, na hakuna hata mmoja aliyeuliza gari liko wapi. Mmoja alitaka kubadilishana na ng'ombe wawili wa maziwa. Mwingine aliitazama ile picha ya mita akaandika kwamba mzee huyu ama ni mwongo ama anauza chuma chakavu. Neno hilo Mekbib alilisoma mara mbili. Alikuwa amepima barabara za serikali kwa miaka thelathini na mmoja, akisukuma gurudumu la kupimia mji hadi mji na kupanda mawe ya kilomita, na katika miaka hiyo yote hakupanda jiwe hata moja pasipo pake. Leo aitwe mwongo kwa hesabu ya kweli. Hakula vizuri siku hiyo.

Jumapili akaja Fikadu, dalali wa magari, na kiboksi chenye nyaya kwapani.

"Gashe Mekbib, tuelewane," alisema, akimwita kwa heshima ya wazee. "Kila mtu anapunguza. Mnunuzi akiona laki tatu atajua umeshapunguza, kwa hiyo atahesabu sita. Ukimwandikia elfu tisini na mbili, hapo ndipo atahesabu laki tatu. Yaani ukitaka aujue ukweli, lazima upunguze."

Mekbib aliyageuza maneno hayo kichwani, akayapima huku na huku, asione pa kuyashika. Akanyamaza, na Fikadu alikuwa mtu wa kuelewa kimya. Alichomeka nyaya chini ya usukani, na kabla birika halijachemka, kilomita laki mbili na elfu kumi na tisa zilikuwa zimetoka. Akakunja nyaya zake akaomba maji ya kunawa.

Mnunuzi alipatikana jioni ileile. Jina lake Abenezer, kijana wa Adama aliyetaka gari la kubeba abiria. Gari la mtu mwenye mke haliuzwi mpaka mke atie saini, kwa hiyo Jumanne Askale, mkewe Mekbib, alijitanda mtandio wake mweupe akaenda na mumewe kwa msajili. Aliishika kalamu asiandike. Akamgeukia mumewe.

"Umempa kijana hesabu ya kweli?"

"Ya kweli," alisema Mekbib.

Askale akaandika jina lake polepole, herufi kwa herufi, kama alivyofanya siku zote.

Asubuhi ya Jumatano Mekbib alitoka nyumbani kwenda jikoni kunywa chai. Jiko la Askale lilikuwa uani, hatua kumi na nne kutoka mlango wa nyuma. Alipiga hatua kumi na nne, akapiga mia, akapiga elfu mbili. Jua likapanda. Chini ya miguu yake hapakuwa na udongo wa uani bali lami ya barabara ya Meki, na kando yake mashamba ya vitunguu, na shimo lile lililomvunjia springi mwaka wa mvua kubwa. Alilijua shimo lile hata kabla hajalifikia, akalikwepa. Alifika jikoni saa tano kasoro, goti likimuuma, akaikuta chai imepoa.

"Ua umerefuka," Askale alisema, akaiweka chai motoni tena.

Mekbib alimwambia ni mvua, udongo huvimba. Huo ukawa uongo wa pili, na ulitoka kwa wepesi kuliko wa kwanza. Kesho yake alilitoa stoo lile gurudumu la kupimia, akalisukuma kutoka mlangoni hadi jikoni. Kilomita kumi kamili, hakuna mita ya ziada. Ukiuangalia ua kwa nje, ukuta ulikuwa palepale na wa urefu uleule, na jirani hakuwa na la kulalamika isipokuwa jogoo wake, aliyeruka ukuta alfajiri akarudi magharibi amechoka. Kila siku zilikuwa kumi, lakini si zilezile. Siku moja ilikuwa barabara ya Debre Birhan na baridi yake. Siku nyingine ilikuwa kipande cha Mojo, pale alipogombana na Askale kwa sababu ya gunia la mkaa. Kilomita iliyokwisha kutembewa kwenda na kurudi haikuonekana tena. Mekbib alifanya hesabu kwenye daftari: ishirini kwa siku, miaka thelathini. Yeye alikuwa na sabini na mmoja.

Kilichomuuma hasa si goti. Kwa miaka arobaini na mitatu yeye na Askale walikuwa wanakula sahani moja, na tonge la kwanza la injera, mkate wao laini, yeye ndiye aliyemtia mkewe mdomoni kwa mkono wake, hata siku walizonuniana. Sasa Askale alikuwa amechoka kuvuka na sufuria. Alijitandikia kitanda jikoni, karibu na meko, akasema ni mpaka mvua ziishe. Mekbib alikula mchuzi baridi wa shiro peke yake barazani, akimwona mkewe kule mbali mdogo kama punje, akipepeta. Aliwahi kumpungia mkono. Askale hakuuona, au aliuona.

Huku nyuma Abenezer alikuwa ameanza kuandika. Kwanza aliandika kwa heshima, kwamba gari linakunywa oili. Kisha akaandika kwamba fundi wa Adama ameifungua injini, akacheka, akamwita fundi mwenzake naye aje acheke. Kisha heshima ikaisha: umeniuzia babu ukaniambia ni kijana. Akaweka picha ya Mekbib kwenye lile kundi la wauza magari, na chini yake maneno ya kuwatahadharisha watu. Fikadu alipoulizwa alisema dawa ni kumfungia asipige simu, gari limeuzwa kama lilivyoonekana. Mekbib hakumfungia. Alisoma kila neno, akayasoma tena, kwa sababu yalikuwa yake.

Wiki ya sita Abenezer alikuja mwenyewe, na kwa kuwa alikuwa amelelewa vizuri, hakuja na polisi bali na wazee watatu wa suluhu. Mkubwa wao aliitwa Bekure, mtu mnene aliyewahi kuwa karani wa posta. Waliketi barazani. Hapa kwetu hakuna suluhu bila kahawa, na kahawa hukaangwa, hutwangwa na kuchemshwa mbele ya wageni, na hukumu haitolewi kabla ya kikombe cha tatu, ambacho ndicho cha baraka. Askale aliitiwa jikoni kwa simu. Alifika saa tatu baadaye, amebeba jiko la mkaa mkono huu na birika la udongo mkono ule, vikombe kwenye kapu mgongoni. Wazee walikuwa wamemsubiri bila kunung'unika, wakitafuna shayiri ya kukaanga.

Kikombe cha kwanza Abenezer aliongea. Hakutukana. Alisema abiria wanashuka katikati ya mlima wa kwanza, wanampa nyota moja kwenye simu, na kwamba mama yake alikuwa ameuza mashine yake ya kushonea ili gari lipatikane. Kikombe cha pili Mekbib aliongea, akasema gari lilikaguliwa, kijana alilizunguka mara mbili, lilichukuliwa kama lilivyoonekana. Sauti ilikuwa yake lakini maneno yalikuwa ya Fikadu.

Kikombe cha tatu Askale alianza kumimina kwa wageni. Alipofika kwa mumewe aliliinua birika asimimine.

"Mekbib," alisema. "Uliniambia umempa hesabu ya kweli."

Juu ya kikombe cha baraka mtu hasemi uongo.

"Nilitoa laki mbili na elfu kumi na tisa," alisema Mekbib. "Zipo hapo uani."

Wote waligeuka kutazama ua. Siku hiyo ilikuwa kipande cha barabara ya Ziwai, mikaratusi pande zote mbili, na upepo.

"Tuliziona," alisema mzee Bekure. "Tulidhani ni za kwenu."

Askale akammiminia. Alikijaza kikombe mpaka kikamwagika kisahanini.

Mekbib akajisikia mwepesi kama mtu aliyevua viatu vibovu. Alisema Fikadu ataitwa leo hii, kilomita zitarudishwa kwenye mita moja baada ya nyingine, gari litaandikwa laki tatu na ushei kama lilivyo, na fedha iliyozidi kijana atarudishiwa. Alizungumza haraka, akimtazama mkewe. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Kesi ilikuwa imekwisha, tena vizuri kuliko walivyotarajia.

Abenezer ndiye hakuitikia. Alikuwa anakizungusha kikombe chake.

"Gashe," alisema, "nikizirudisha, nitamuuzia nani?"

Mzee mmoja aliacha kutafuna shayiri.

"Mimi siwezi kukaa nalo. Lazima nami niliuze mtandaoni. Na laki tatu hakuna anayenunua, wewe mwenyewe ulijaribu." Akaweka kikombe chini. "Niachie elfu tisini na mbili zangu. Picha yako nitaitoa leo, na mbele ya wazee nasema sikudai kitu."

"Na atakayenunua kwako ataambiwa nini?" aliuliza Askale.

Abenezer hakumtazama usoni. "Mama, kila mtu anapunguza."

Mzee Bekure aliwaangalia wenzake. Mlalamikaji ameridhika, mlalamikiwa amekiri, kahawa imefika ya tatu. Huyo atakayekuja baadaye hakuwepo barazani, na wazee husuluhisha waliopo. Wakasimama wakabariki, Mekbib na Abenezer wakagusana mabega mara tatu kama desturi inavyotaka, na kijana akaondoka akiwa amefungashiwa shayiri ya kumpelekea mama yake. Picha iliondolewa mtandaoni kabla hajafika Mojo.

Mekbib alilibeba jiko la mkaa akamsindikiza mkewe kurudi jikoni. Askale hakusema neno kilomita ya kwanza, wala ya pili, wala ya nne. Mekbib alikuwa anatarajia kuwa, baada ya kusema kweli, ua ungejikunja wenyewe. Haukujikunja. Walipofika kilomita ya tano Askale aliketi chini ya mkaratusi akavua viatu.

"Ulinidanganya mbele ya msajili, na ukanidanganya tena kuhusu mvua," alisema. "Ya mvua ndiyo iliyoniuma. Mimi nimezaliwa hapa, naujua udongo wangu."

"Najua."

"Lakini nilitia saini. Nusu ni zangu." Alikung'uta kiatu. "Utatembea tano, nitatembea tano. Tutakula hapa."

Mekbib alifanya hesabu kimyakimya, akagundua haibadiliki: ni ishirini vilevile, na miaka ni thelathini vilevile. Hakumwambia mara moja. Halafu akakumbuka ile ya mvua, akamwambia. Askale alisema sawa.

Kesho yake Mekbib alileta jiwe, akalipaka chokaa, akalipanda kilomita ya tano. Barabara ilibadilika kila siku lakini jiwe halikuhama.

Mwezi mmoja baadaye aliliona gari lake mtandaoni. Picha zilikuwa nane. Chini yake paliandikwa: limetumiwa na mwalimu wa kike, halijaenda safari, kilomita elfu sitini na nne. Mekbib alimpigia Abenezer simu ili amwonye. Kijana aliitikia akihema. Alisema yuko njiani kutoka kitandani kwenda mlangoni, ameanza toka alfajiri, na kwamba kwa kweli hana neno, chumba kilikuwa kidogo mno kwake na mama yake, ila mwenye nyumba amekiona kilivyokua na sasa anataka kodi zaidi. Akauliza kama Gashe anamfahamu mtu anayetafuta gari.

Siku hiyo saa sita mchana Mekbib alifika kwenye jiwe kwanza. Askale alitokea upande wa pili, mtandio ukipeperuka, sahani imefunikwa kwa kawa. Waliketi. Shiro ilikuwa vuguvugu. Mekbib alimega injera, akafinyanga tonge, akamtia mkewe mdomoni, na Askale akatafuna akiitazama barabara.

"Zimebaki ngapi?"

Mekbib alifungua daftari ingawa hakulihitaji. "Laki mbili na elfu kumi na saba, mia nne na sabini. Nimetoa tano zangu na tano zako za asubuhi."

"Hesabu ya kweli?"

"Ya kweli."

Askale akavuta sahani, akakunja tonge lake, akamsubiri afungue mdomo.