Onyo la Pale Bombani

"Hiyo stika yako kabandike kwenu. Hapa onyo tunalo, tena linaongea," alisema mwenye nyumba.

"Mzee, sijaja kwa ajili ya stika. Nimekuja kwa ajili ya waya."

"Waya umekukosea nini?"

"Umeua mtu."

"Mtu mwenyewe si huyo hapo? Muulize kama analalamika."

Mkaguzi wa umeme wa majumbani akageuka. Mama Vifungo, fundi cherehani wa chumba namba nne, alikuwa amesimama kando ya bomba la uani, futi ya kupimia nguo shingoni. Waya uliochubuka ukutani ulikuwa umegusa bomba, na nyumba haikuwa na waya wa ardhini wa kuuteremsha mchangani umeme unaovuja. Alifungulia maji ya kuloweka kitambaa, akafa. Siku tatu baada ya mazishi akarudi, akasimama palepale. Kila anayekuja na ndoo anamwambia, "Zima swichi kubwa kwanza." Watu wanazima, wanachota, wanashukuru. Mpangaji mmoja alimpa suruali ampunguzie, akampunguzia kwa mkono. Mwenyewe alishasema: waya ukitengenezwa, anaondoka.

"Fundi anachimba, anazika chuma, anavuta waya mpya," mkaguzi alisema. "Kabla ya saa kumi na mbili jioni amemaliza."

"Halafu huyu?"

"Anakwenda kupumzika."

"Unaona?" Mwenye nyumba alizungusha funguo kidoleni. "Unataka uniondolee onyo, halafu mwakani uje uniambie sina onyo. Akili hiyo mmeuziwa wapi?"

Mama mzazi wa marehemu alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, anamkanda mwanawe miguu. Alikuja kila siku baada ya chakula cha mchana. Aliwahi kuleta kiti, mwenye nyumba akakitupa nje, eti kinaziba njia.

"Baba," alimwambia mkaguzi, "wewe ndiye serikali hapa. Mwambie atengeneze. Huyu kifundo kimemvimba."

Mkaguzi akampigia bosi wake. Bosi alikuwa anatafuna kitu.

"Onyo lipo?"

"Lipo, bosi, ila..."

"Linaonekana?"

"Anaonekana."

"Basi weka tiki. Fomu inauliza onyo, haiulizi waya. Lakini lazima liwe la njano, usije ukaniletea maneno."

Bosi hakudanganya. Fomu ilikuwa na kurasa nne, na humo mote hapakuwa na mstari wa kuandika kwamba ubovu umetengenezwa. Nyumba ikishabandikwa stika, ofisini inahesabiwa salama. Walioitunga fomu hiyo waya wao wa ardhini waliuweka zamani, na mabomba yao ni ya plastiki.

Mkaguzi alikuwa na miezi miwili kazini, na kabla ya hapo miaka mitatu ya kuombaomba kazi. Akatoa stika ya njano yenye alama ya radi, akambandika Mama Vifungo kifuani.

"Umeipinda," alisema Mama Vifungo. "Vuta kushoto kidogo."

Akavuta. Mwenyewe akaimalizia kona kwa kidole gumba, taratibu, mpaka hakikubaki hata kiputo kimoja. Kazi ya fundi.

Mwenye nyumba akasaini fomu juu ya goti. Akasema rangi imempendeza.

Akaja mpangaji na ndoo. Mama Vifungo akamwambia azime swichi kubwa kwanza. Mpangaji akaisoma stika, akasema hongera, akaenda kuzima.

Mama mzazi akaacha kukanda. "Hiyo inakaa muda gani?"

Mkaguzi akasoma nyuma ya karatasi aliyoibandua. "Miaka kumi, mama. Hata ikipigwa jua na mvua."

"Mimi hiyo kumi sina." Alisema polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Nikishakufa mimi, miguu yake ataikanda nani?"

Mkaguzi akachukua mkoba wake, akageuka, akaondoka.