Kamoshika wa Kona ya Saba

Kwa miaka arobaini Tokuji ndiye aliyeendesha gari, na mkewe Chizue ndiye aliyeona ndege. Kila Februari walipanda barabara ya mlimani, mume macho mbele, mke shingo dirishani, na jioni Tokuji alirudi nyumbani na habari za kuambiwa tu. Sasa presha ya macho ilikuwa imembakizia kitundu kidogo cha kuonea, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Daktari alisema hata hicho hakitafika kiangazi. Leseni aliirudisha polisi mwenyewe, bila kusukumwa. Alibaki na ombi moja: amwone mnyama mmoja wa mlimani kwa macho yake mwenyewe.

Basi Chizue, dereva wa kwenda sokoni na kurudi, akashika usukani.

"Mama Nanae, hata konokono wanatupita."

"Ukiona nachelewa, Baba Nanae, shuka usukume."

Lakini ndege hawakuwa na subira. "Kigogota, pale!" "Wapi?" "Kwenye msonobari... ah, ameruka." Ikawa hivyo mara tatu, na kila mara Tokuji alijibu, "Si neno," kwa sauti ndogo zaidi. Chizue aliumia moyo.

Kwenye kona ya saba akakanyaga breki. Juu ya mwamba alisimama kamoshika, mbuzi-mwitu wa milima ile, mnene, wa kijivu. Mnyama huyu ni mmbeya: akiona watu hakimbii, huwakodolea macho mpaka atosheke.

"Anzia kwenye ile nguzo nyekundu," Chizue alinong'ona. "Panda. Mwamba. Kulia. Umempita! Rudi."

Nyuma yao likaja greda la kuondoa theluji, taa ya njano ikizunguka. Dereva wake, bwana wa makamo, alishuka akagonga kioo.

"Mmekwama, mama? Nina barabara ya kusafisha."

Chizue ni mwanamke wa kuomba radhi hata akijikwaa kwenye kiti. "Samahani sana, bwana," alisema. "Lakini hatusogei. Mume wangu anamtafuta mnyama kule juu, na macho yanamwisha."

Yule bwana akatazama juu, akamtazama Tokuji, kisha akarudi kuzima injini.

"Nimempata!" Tokuji alisema. "Ana barafu kidevuni. Anatafuna. Ananitazama, Mama Nanae, ananitazama mimi!" Alicheka huku machozi yakimtoka, wala hakuyafuta.

Chizue alidhani mumewe atamtazama mnyama hadi aondoke. Lakini kamoshika akiwa bado amesimama, Tokuji aligeuka, akaanza upya, polepole: paji la uso la mkewe, nyusi, pua, akishuka hadi kidevuni.

"Mnyama yuko kule," Chizue alisema, mkono ukikimbilia kichwani. "Na nywele zenyewe sijachana."

"Yule nimeshamwona. Tulia, usigeuke."

Chizue akashusha mkono, akatulia. Nyuma yao greda liliendelea kusubiri.